Barua kwa vijana wanaochapa birika langu

Wanangu wachoraji na wachapaji wa fulana,

Salamu zenu amenifikishia mjukuu wangu, pamoja na ile fulana. Marahaba, na asanteni. Kitambaa ni kizito na rangi imeshika. Mabirika manne, mawili juu na mawili chini: la waridi, la manjano, la samawati na la kijani. Mjukuu akaniambia, "Babu, hii ndiyo sanaa ya pop, wanafanya kama Andy Warhol, yule msanii wa Marekani." Nikavaa miwani. Nikalitazama lile la waridi, nikautazama mvuke unaotoka mdomoni mwake, nikahesabu mikunjo. Mitatu.

Birika hilo nimelichora mimi. Mwaka 1986 kiwanda kidogo cha kufungasha majani ya chai kilitaka picha ya kuweka kwenye pakiti. Nilikaa mezani usiku na taa ya chemli, maana umeme ulikuwa umekatika. Mvuke ulipaswa kuwa na mikunjo miwili tu. Brashi ikateleza, na kwa kuwa karatasi nzuri niliyokuwa nayo ilikuwa hiyo moja, nikaugeuza ule mtelezo kuwa mkunjo wa tatu. Wakanilipa mara moja, fedha ya mchele na nauli, jina langu halikuandikwa popote, na kiwanda chenyewe kilishafungwa zamani. Nyinyi mliipata pakiti kwenye droo ya bibi wa mtu, mkaipiga picha kwa simu.

Msishtuke, siwadai. Siku ile nilicheka mpaka mke wangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Ila nimeona niwaandikie wazi, mbele za watu, kwa sababu mtindo mliouchukua, huu wa kuvigeuza vitu vya dukani na matangazo kuwa sanaa, una historia yake, na ndani ya historia hiyo wamo watu kama mimi ambao hamjawahi kuwasikia.

Sanaa hii haikuanzia Marekani, ingawa Marekani ndiko ilikonenepa. Mwaka 1947 msanii wa Uingereza, Eduardo Paolozzi, alibandika pamoja vipande vya majarida, na kwenye kimojawapo kulikuwa na neno "pop" linalotoka kwenye mdomo wa bastola. Mwaka 1956 mwenzake Richard Hamilton akatengeneza picha yake ya sebule iliyojaa vitu vya dukani. Waingereza wale walikuwa ndio kwanza wametoka kwenye mgao wa chakula, wakiyatazama matangazo ya Kimarekani kama mtoto anavyoitazama karanga ya mwenzake. Hayo niyaache hapo.

Warhol mnamjua, au mnadhani mnamjua. Alizaliwa Pittsburgh mwaka 1928, mtoto wa wahamiaji waliotoka kijiji cha milimani ambako leo ni Slovakia. Baba alikuwa kibarua. Miaka yote ya 1950 riziki ya Warhol ilikuwa kuchora matangazo mjini New York, hasa viatu vya kike, na mama yake mzazi ndiye aliyekuwa akimwandikia maneno kwa hati yake nzuri. Kwa hiyo huyu alikuwa fundi wa kulipwa kwa kazi, kama sisi. Zile picha 32 za makopo ya supu ya Campbell's alizozionyesha Los Angeles mwaka 1962 wengi wenu mnadhani alizichapa. Hapana. Alizipaka kwa brashi moja moja, kila aina ya supu na turubai lake, bei dola 100 kila moja. Chache zikapata wanunuzi, kisha mwenye ukumbi, Irving Blum, akabadili mawazo, akazirudisha zote pamoja na kumlipa Warhol dola 1,000 kwa mafungu. Leo zipo kwenye jumba la sanaa za kisasa la New York.

Lakini ninayetaka mumjue ni James Harvey.

Harvey alikuwa mchoraji. Usiku na siku za mapumziko alipaka turubai kubwa za kidhahania, zisizo na sura ya kitu, na mchana alikuwa ameajiriwa kubuni maboksi. Mojawapo lilikuwa boksi la Brillo, zile nyuzi za chuma zenye sabuni za kusugulia masufuria: jeupe, lenye mawimbi mekundu na maandishi ya samawati na mekundu. Boksi zuri. Linaonekana kutoka mwisho wa duka. Aprili 1964 Warhol akayapanga maboksi ya mbao yaliyochapwa vilevile katika ukumbi wa Stable, New York, yamerundikana kama stoo. Harvey alifika siku ya ufunguzi. Akasimama katikati ya kazi yake mwenyewe, watu wakimpita kwenda kumpa mkono Warhol. Mwaka uliofuata alifariki, bado kijana. Wanafalsafa wameandika vitabu kuhusu lile boksi la Warhol, na nusu ya uzuri wanaousifu ni wa Harvey.

Simwiti Warhol mwizi. Kulichukua boksi la stoo na kuliweka mahali ambapo watu huingia kwa viatu vya ngozi wakinong'ona, hilo ni wazo, na lilikuwa lake. Lakini nilipoisoma habari ya Harvey nilikaa kimya kidogo. Mwenye kuchora pakiti ya chai anaelewa.

Kuna mwingine ninayempenda kuliko wote, James Rosenquist. Huyu alipanda jukwaa kweli. Alipaka mabango makubwa ya matangazo kule Times Square kabla hajaingia kwenye kumbi za sanaa. Nami niliwahi kupaka bango la sabuni kwenye ukuta wa ghorofa, sikio la mwanamke peke yake lilikuwa refu kuliko mimi. Ukiwa juu ya kamba huoni uso. Unaona uwanja wa rangi ya kahawia unaopinda, na unamwamini aliye chini anayekupigia kelele "kushoto kidogo". Rosenquist aliichukua hali hiyo hiyo ya kuona kitu kwa karibu mno mpaka kikapotea, akaitia kwenye picha zake. F-111, aliyoimaliza mwaka 1965, ina urefu wa mita 26 hivi: ndege ya kivita imelala kuanzia mwanzo hadi mwisho, na juu yake tairi, tambi, mtoto wa kike chini ya mashine ya kukaushia nywele, moshi wa bomu la nyuklia. Marekani ilikuwa imo vitani Vietnam. Kila kitu kimepakwa kwa utamu uleule wa tangazo, na ndipo tumbo linapoanza kukuuma.

Sasa nirudi kwenye fulana yenu, maana nimeona kosa la ufundi. Mmetumia programu ya simu, mkabonyeza, ikatoa rangi nne, mkapeleka kwa mwenye mashine. Kila birika limekaa ndani ya mstari wake sawasawa. Hapo ndipo mlipomkosa Warhol. Yeye alianza kuchapa kwa skrini mwezi Agosti 1962, na Marilyn Monroe alipofariki mwezi huohuo akaichukua picha yake ya matangazo ya filamu. Skrini ni kitambaa chenye matundu madogo kilichowambwa kwenye fremu. Picha hupigwa mwanga kwenye kitambaa hicho kikiwa kimepakwa dawa, panapopata mwanga dawa inakuwa ngumu, pasipopata inaoshwa na kuacha njia ya rangi. Unaweka fremu juu ya turubai, unamimina rangi, unaikokota kwa ubao wenye ukingo wa mpira. Yeye alianza kwa kupaka mabaka ya rangi, ya midomo, ya kope, ya nywele, kisha akachapa ile picha nyeusi juu yake. Haikukaa sawa. Mdomo mwekundu ulitoka nje ya mdomo. Na rangi ilipoziba matundu ya kitambaa, uso ukatoka hafifu, na uliofuata hafifu zaidi.

Sisi tuliochapa fulana za kampeni na za harusi, fulana ya namna hiyo tuliifanya tambara la kufutia mikono. Warhol akaiacha. Katika ile kazi yake yenye nyuso 50 za Marilyn, 25 upande mmoja kwa rangi na 25 upande wa pili kwa nyeusi tupu, zile nyeusi nyingine zimejaa wino mpaka uso hauonekani na nyingine zinafifia kama mtu anayeondoka chumbani. Hiyo ni skrini iliyoziba, wanangu. Alijua mwenye uso ameshakufa. Programu ya simu haizibi, kwa hiyo lazima muwe na sababu nyingine ya kurudia picha mara nne, na mimi sijaiona.

Nimalizie lile la jina, ndilo lililonikalisha kuandika.

Roy Lichtenstein, msanii mwingine wa pop, alichora Whaam! mwaka 1963, ndege moja ikiilipua nyingine, kutokana na kipande cha katuni ya vita aliyoichora Irv Novick. Alibadilisha mengi, mpangilio ukawa na nguvu kuliko mwanzo, na zile nukta ndogo ambazo wachapaji hujazia rangi akazikuza mpaka zikawa zenyewe ndiyo mchoro. Lakini wachora katuni wa wakati ule walilipwa kwa ukurasa na basi. Mwaka 1964 Warhol akachukua picha ya maua kwenye jarida la upigaji picha, mpigaji ni Patricia Caulfield. Mama yule alishtaki mwaka 1966, yakaisha kwa maelewano. Baada ya hapo Warhol akawa anapiga zaidi picha zake mwenyewe kwa kamera ya Polaroid. Hata yeye alijifunza.

Wala hayakuishia hapo. Mwaka 1981 Lynn Goldsmith alimpiga picha mwanamuziki Prince. Mwaka 1984 jarida moja lililipa dola 400 ili Warhol aitumie mara moja. Warhol akatengeneza nyingine nyingi. Prince alipofariki mwaka 2016, taasisi inayosimamia mali za Warhol ikaliuzia jarida ruhusa ya kutumia mojawapo kwa dola 10,000, na Goldsmith hakupewa hata senti. Kesi ikafika mahakama ya juu kabisa ya Marekani. Mei 2023 majaji 7 dhidi ya 2 wakasema Goldsmith ana haki. Hukumu ilihusu ule uuzaji wa 2016 tu, si kazi zote za Warhol, kwa hiyo msije mkatishana kijiweni kwamba sanaa ya pop imepigwa marufuku.

Na upande wa pili wa shilingi: msijisahau wenyewe. Msanii Robert Indiana alipanga herufi nne za neno LOVE, mbili juu na mbili chini, ile O imelala upande. Mwaka 1965 ikatoka kama kadi ya Krismasi ya jumba la sanaa. Hakuilinda kisheria. Ikachapwa kwenye vikombe, taulo, pete, kila mahali, na yeye hapati kitu. Stempu ya mwaka 1973 ilichapwa zaidi ya milioni 300, malipo yake yakawa dola 1,000. Wenzake wakamwona mtu wa kuchuma fedha kwa kazi ambayo haikumletea fedha. Mwishowe akahamia kisiwani, akakaa huko. Sheria yetu ya hakimiliki hapa Tanzania ipo tangu 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wanasajili kazi. Nendeni na michoro yenu kabla ya kuiweka mtandaoni, si baada ya kuiona imevaliwa na watu msiowajua. Mimi mwaka 1986 nilikuwa na mchele wa kununua.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayoyataka. Kwanza, mkipata pakiti, bango la kinyozi, kibao cha duka, ulizeni nani alichora. Mafundi wengi wa zamani tungali hai, tunakaa barazani tukicheza bao, tunapatikana kwa swali moja. Pili, njooni Jumamosi yoyote na fremu ya mbao na kitambaa, ubao wa kukokotea ninao. Tutaiziba skrini makusudi tuone itatoa nini.

Tatu, birika endeleeni nalo, mmelipata. Andikeni jina langu kwa ndani, pale kwenye kola, herufi ndogo zinatosha. Halafu lile la kijani lina mikunjo miwili ya mvuke. Kuna mmoja wenu aliuona ule wa tatu kuwa ni kosa, akaufuta. Aurudishe.

Babu yenu,
fundi wa mabango