Yah: Vidonge vya klorini mlivyoniuzia na kauli niliyotolewa kaunta

Kwa Meneja Mkuu,

Salamu. Naandika kwa adabu, ingawa tawi lenu halikunionyesha adabu hata chembe.

Utaratibu wenu mnaujua wenyewe: mteja akileta maji ya bwawa lake la kuogelea kwenye chupa, mnampimia bure na kumweleza kimezidi nini na kimepungua nini. Nilileta yangu. Msimamizi wa kaunta hakuifungua chupa. Aliisogeza pembeni kwa kidole kimoja, akasema mbele ya wateja: "Mama, bwawa siyo beseni la kufulia. Kama limekushinda, lifukie upande mchicha."

Maji yale yaligeuka kijani kwa ushauri wenu. Tangu masika mmeniuzia vidonge vya gramu 200 tu, ndoo baada ya ndoo. Nikisema kuta zinateleza, naambiwa niongeze kidonge. Hakuna aliyefungua mdomo kuniambia kwamba ndani ya vidonge hivyo mna asidi ya sayanuriki, ile inayoikinga klorini na jua, na kwamba klorini ikishatumika, asidi inabaki. Kila miligramu 10 za klorini zinaacha miligramu 6 za asidi hiyo. Haikauki na jua. Dawa yake ni kumwaga maji. Fundi wa hoteli moja ya Kunduchi ndiye aliyenipimia, akakuta miligramu 150 kwa lita, wakati nzuri ni 30 hadi 50. Klorini ilikuwemo, tena ya kutosha, ila asidi iliyozidi iliifanya iwe kama askari aliyefungwa mikono. Na pH, kipimo cha ukali wa tindikali ya maji, ilishuka hadi 6.8, wakati inatakiwa iwe kati ya 7.2 na 7.8, kwa sababu vidonge hivyo vyenyewe ni tindikali. Leo saruji ya katikati ya vigae naimegua kwa ukucha.

Na ile ndoo je? Hiyo ilikuwa kabla ya kwenda kaunta. Fundi wenu alikuja na klorini ya unga, ile ya kalsiamu, akaimimina kwenye ndoo yenye vipande vya vidonge, kisha akaongeza maji. Ukafuka moshi wenye harufu ya kukata pumzi, wajukuu wangu wakiwa hapo hapo barazani. Kampuni inayouza kemikali haijui kwamba aina hizo mbili hazikutanishwi kamwe, na kwamba unga ndio unaotiwa kwenye maji, si maji kwenye unga?

Narudia ya kaunta, maana nikipiga simu naambiwa tu "tumekusikia, mama". Hamjasikia. Vipimo vilikuwa rafuni nyuma ya mgongo wake. Angegeuka tu angevifikia. Hakugeuka. Alitumia kidole, kana kwamba nimemletea uchafu. Aliposema nilifukie nipande mchicha, mafundi waliokuwa wakisubiri mizigo wakacheka, naye akacheka nao. Kijana yule ni rika la mwanangu wa kwanza. Kisha akamwambia aliyekuwa nyuma yangu, "Karibu kaka," na mimi bado nimesimama pale na pochi mkononi. Fedha yangu mmeipokea miezi yote hii bila kuniuliza kama bwawa limenishinda.

Naomba mnirudishie fedha za vidonge vyote, risiti ninazo. Bwawa langu ni la lita 60,000, na kuishusha asidi hiyo kutoka 150 hadi 50 ni lazima nimwage theluthi mbili. Kulijaza tena ni maboza manne ya lita 10,000 ya kununua, kwa kuwa kisima changu ni cha chumvi. Mtayalipa nyinyi. Mtalipa pia fundi wa vigae. Na msimamizi wenu ataniomba radhi pale pale kaunta, wateja wakiwepo. Sitaki radhi ya simu.

Nilikusudia kuwapa siku 14. Nawapa 7. Zikipita, risiti na vipimo vitakwenda Tume ya Ushindani, inayomlinda mlaji, na picha za ile ndoo zitakwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, anayesajili wauzaji wa kemikali kwa sheria ya mwaka 2003. Huko mtaeleza fundi wenu alifundishwa na nani.

Mteja wenu,
Mbezi Beach, Dar es Salaam