Tangi la lita 80 halimfai samaki kangaja

Mhariri,

Wanaoanza kufuga samaki wa matumbawe hapa Mwanza wasichote maji ziwani. Wachanganye gramu 35 za chumvi maalumu ya tangi kwa lita ya maji yaliyochujwa (ya mezani haifai), joto nyuzi 25, na kabla ya kuingiza samaki wasubiri amonia na nitriti (sumu za majini) zifike sifuri.

Lita 80 zinatosha klauni wawili (samaki wadogo wenye mistari myeupe) na gobi mmoja (samaki mdogo akaaye chini ya tangi), basi. Gobi aingie kwanza, maana klauni akitangulia hujimilikisha tangi zima. Klauni wawe jamii moja, mmoja mdogo: mkubwa ndiye huwa jike, na ugomvi hupungua. Kangaja (samaki bapa mwenye mwiba mkali mkiani) akiwa mchanga anavutia, lakini hukua akakosa pa kuogelea. Kikande, samaki mwenye meno makali, hutafuna kamba wa baharini. Na furu, samaki wetu wa Ziwa Victoria? Chumvi itamuua.

Wafugaji wa samaki wa mapambo,
Mwanza