Petroli ya ndege ndogo: tuchague mapema

Mhariri,

Caravan, ndege za injini ya turbini zinazotua Pemba, hutumia Jet A-1, mafuta yanayofanana na ya taa, kwa hiyo suala la kuondoa madini ya risasi kwenye petroli ya ndege halizigusi. Linagusa Cessna 172, 206 na nyingine za pistoni zinazotegemea petroli ya buluu, 100LL, ambayo kila lita yake huweza kuwa na hadi gramu 0.56 za risasi.

Risasi ni sumu kwa ubongo wa mtoto, na hatuitetei. Lakini ndiyo inayozuia mafuta kujilipua ovyo ndani ya silinda. Ikiondolewa bila mbadala, injini ya mgandamizo mkubwa huchemka na pistoni hutoboka.

Marekani imelenga kuachana nayo ifikapo mwisho wa 2030. Mbadala upo, petroli zisizo na risasi: G100UL, iliyoidhinishwa huko 2022, na 100R. Kila moja huchanganyika na 100LL, ila zenyewe kwa zenyewe zisichanganywe. Kwa hiyo waagizaji wachague aina moja tu kwa Unguja na Pemba. Mapipa ya aina mbili uwanja mmoja ni hatari.

Petroli ya gari si jibu. Ikiwa na ethanoli (aina ya pombe) hula mipira ya kuzibia mafuta, na kwa joto letu hugeuka mvuke ndani ya mirija, injini ikazimika.

Hata sasa, rubani achote mafuta chini ya tangi kila asubuhi. Hewa ya bahari huacha maji humo. Kisha adondoshe tone kwenye karatasi nyeupe. Likikauka na kuacha duara la mafuta, Jet A-1 imeingia: asiwashe injini.

Mafundi wa ndege,
Unguja