Breki ya mbele inasingiziwa

Mhariri,

Waendesha pikipiki wapya hufundishwa kuiogopa breki ya mbele, eti itawarusha juu ya usukani. Ushauri huo huwaponza. Ukishika breki, uzito wa chombo na wako huhamia mbele. Tairi la mbele hugandamizwa na kushika barabara zaidi, la nyuma likibaki jepesi. Ndiyo maana anayekanyaga ya nyuma peke yake huburuzika, mkia ukiyumba, na bado hajasimama.

Kosa ni kuikaba ghafla. Anza kwa kuibana taratibu, usikie mikononi shokapu za mbele zikizama, kisha ndipo uongeze nguvu. Ukiwahi kabla uzito haujahama, tairi hufunga, yaani huacha kuzunguka, na usukani hulegea mkononi. Achia mara moja, ubane upya. Kwenye mchanga au kokoto ipunguze sana, na kwenye kona maliza kupunguza mwendo kabla hujailaza pikipiki.

Breki nyingi za mbele zinazolaumiwa, kwa kweli, ni mbovu tu. Mkono wa breki ya diski unaobonyea kama sponji una hewa ndani ya mfumo, na kuongeza mafuta ya breki bila kuitoa hakusaidii kitu. Mafuta yenyewe hufyonza unyevu, kwa hiyo yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi. Kwa breki za ngoma zenye waya, acha mchezo, yaani nafasi ya mkono kusogea kabla breki haijaanza kushika, wa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha ya mkono wa breki. Ukikaza kupita hapo, viatu vya breki, yaani vipande vinavyoibana ngoma kwa ndani, huikwaruza safari nzima.

Msomaji wenu