Chupa yenye ukungu itupwe

Mhariri naomba nafasi kidogo. Nimefanya kazi kwenye maabara moja ya miche ya migomba ya tishu, yaani inayokuzwa ndani ya chupa kutoka kipande kidogo cha chipukizi, siitaji kwa jina, watu wanadhani uchafu kwenye chupa unatoka mikononi mwa mafundi tu lakini jamani bakteria wengine wanakaa ndani kabisa ya chipukizi, unaosha na spiriti, unaloweka kwenye jiki, chupa inakaa safi wiki kadhaa halafu siku moja unakuta kaukungu ka bakteria kama maji ya mchele pale chini ya mche. Fangasi afadhali, siku chache tu ushaona manyoya unatupa. Bosi alikuwa anasema tieni antibayotiki tuendelee, kumbe bakteria wanalala tu, ukija kukata tena mche kuuzidisha kisu kishawahamishia chupa nyingine. Halafu mkulima wa Kagera aliyemalizwa na ugonjwa wa mnyauko wa migomba anauziwa huo mche anaambiwa ni msafi!

Msomaji, Bukoba