Shukrani kwa mzee wa Gombani

Mzee wangu, shikamoo. Sikukuuliza jina, nawe hukungoja niulize.

Jumamosi baada ya alasiri Mazda RX-8 yangu ilinizimikia karibu na uwanja wa Gombani. Injini yake ya asili, ile ya lita 1.3 yenye rota mbili, vipande vya pembe tatu vinavyozunguka badala ya pistoni, ilikwisha kufa: sili za ncha za rota zimelika, kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya injini, hakuna. Nikaitia injini ya dizeli ya Toyota ya silinda nne, kazi ya miezi saba, na wengi waliniambia nimeharibu gari.

Wewe hukusema hivyo. Uliuliza tu, "Mwanangu, mafuta yanarudi vipi tangini?" Ukainama, ukapapasa mpira wa mafuta, ukakuta klipu imelegea. Dizeli haina plagi za cheche; ikivuta hewa, nozeli hazirushi mafuta sawasawa, basi inazima. Ukakaza klipu, ukalegeza skrubu ya filta, ukapampu kwa mkono taratibu mpaka mapovu yakaisha. Ikanguruma! Nikatoa pesa, ukanifumba kiganja.

Mwenyezi Mungu akulipe kheri, mzee wangu. Klipu zote nimeshabadilisha. Ukiiona inapita, nisimamishe, nikupe mkono.