Barua ya wazi kwa walimu vijana wa vijijini: andikeni majina nyuma ya picha

Wanangu walimu,

Ninawaandikia ninyi mliopangiwa shule za vijijini mkiwa bado hamjafikisha miaka 30, ambao jioni, baada ya kusahihisha madaftari, huwapigia simu wazazi wenu na kuwaambia kwamba mambo ni shwari hata siku ambazo si shwari. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha vijijini kwa miaka 34, na tangu bati la nyumba yangu lilipovuja juu ya kabati, shughuli yangu imekuwa kukausha, kutenganisha na kupanga upya picha nilizozikusanya tangu ujana. Shughuli hiyo imenifunza kwamba picha isiyo na majina nyuma yake hugeuka kuwa picha ya watu wasiojulikana, tena mapema kuliko mtu anavyodhani. Mimi mwenyewe, ninayeonekana katikati ya nyingi ya picha hizo, nimeshindwa kuwataja watu ambao zamani tuliazimana nguo.

Ipo moja ninayoipenda kuliko zote. Ni ya mraba, ya rangi nyeusi na nyeupe, na ukingo wake mweupe umemenyeka pembe moja. Nina miaka 23, nimesimama mbele ya mlango wa darasa, vumbi la chaki limenipaka mkono wa kulia wa gauni, nami nimejishika kiuno kama mtu aliyeijenga shule ile peke yake. Viatu nilivyovaa si vyangu. Ni vya mwalimu mwenzangu niliyekuwa nikiishi naye nyumba moja, naye ndiye aliyenilazimisha nivivae, ili mama atakapoipokea picha ile asije akadhani kwamba ninateseka. Yeye mwenyewe haonekani; kinachoonekana ni kivuli chake kirefu, kilicholala chini mpaka karibu na vidole vyangu, kwa sababu alilipa jua mgongo akainamia kamera aliyoishika usawa wa tumbo. Nyuma ya picha niliandika maneno mawili tu: “Mimi, shuleni.” Jina lake la kwanza ninalo mpaka leo, lakini la ukoo limenitoka, na nimeulizia kwa kila mtu ninayemjua bila kupata jibu.

Mnaweza kusema kwamba huo ni uzembe wangu, nami sikatai, ila lazima mjue jinsi picha zilivyopatikana. Filamu ya namba 120, iliyoanza kuuzwa mwaka 1901 na ambayo ndiyo iliyotumika katika kamera nyingi za picha za mraba, ilitoa picha 12 za namna hiyo, basi. Hata filamu ya milimita 35, ambayo kasha lake la kupakia moja kwa moja kwenye kamera lilitoka mwaka 1934, kwa kawaida ilitoa 24 au 36. Kwa mwalimu wa kijijini filamu moja ilikuwa safari ya miezi: unapiga tatu siku ya kufunga shule, mbili kaka yako anapokuja kukutembelea, moja ya mtoto wa jirani, kisha unangoja apatikane mtu wa kwenda mjini ndipo ikasafishwe. Picha zilipofika, tulizishangilia wote tukiwa tumezunguka meza moja, na kwa kuwa kila aliyekuwapo aliwajua wote waliomo, hakuna aliyeona haja ya kuandika chochote. Ndiyo maana ninawasihi pia msitupe negativu za wazazi wenu, yaani vile vipande vya filamu iliyokwisha kusafishwa, mkizikuta ndani ya bahasha. Namba zilizo ukingoni mwake zinaonyesha ipi ilitangulia ipi, na kwa namba hizo mimi niligundua kwamba kaka yangu alikuja kabla ya kufungwa kwa shule wala si baada yake, jambo tulilobishania yeye na mimi kwa miaka.

Sasa kuhusu kuandika kwenyewe, kwa sababu hata hilo nililifanya vibaya. Nilipozinduka, nilichukua kalamu ya wino ya kawaida, nikalaza picha ya baba juu ya paja na kuandika kwa kukandamiza. Leo ukiiinamisha kwenye mwanga unaona mstari uliotuna ukikata shavu lake kutoka jicho hadi kidevu. Tumieni penseli laini, mlaze picha kifudifudi juu ya karatasi safi kwenye meza ngumu, na mwandike kwa wepesi karibu na ukingo. Karatasi za picha za siku hizi, zenye utando wa plastiki, mara nyingi hazishiki penseli; kwa hizo andikeni kwanza juu ya bahasha ya karatasi, ndipo mtie picha ndani. Zile albamu zenye kurasa za gundi na plastiki ya kufunika, ambazo zamani tuliziona za kifahari, ndizo zilizoniharibia picha nyingi kuliko hata maji ya mvua: gundi huacha mistari ya manjano, na kadiri miaka inavyopita picha hukataa kubanduka. Mkikuta picha imeng'ang'ania kioo cha fremu, msiivute. Ipigeni picha nyingine papo hapo kupitia kioo, ili angalau sura zibaki, kisha mtafute mtu mwenye ujuzi. Picha za rangi zipewe kipaumbele, kwa sababu rangi zake hufifia hata gizani, ilhali picha ya nyeusi na nyeupe imeundwa kwa chembe za madini ya fedha na ikitunzwa vema hudumu zaidi. Wengi hudhani ni kinyume chake.

Picha iliyonisumbua kuliko zote ni ya darasa. Wanafunzi 43 katika safu nne, walio mbele wamekaa chini, walio nyuma wamesimama juu ya madawati, na mmoja ametikisa kichwa wakati wa kupigwa kwa hiyo uso wake umekuwa kama moshi. Kwa kumbukumbu yangu mwenyewe nilitaja 19. Nikaenda kuomba daftari la mahudhurio la mwaka ule, ambalo kwa bahati lilikuwa bado limehifadhiwa, na baada ya kusoma majina kwa sauti, moja baada ya jingine, huku nikitazama sura, nikafika 31. Mwanafunzi wangu mmoja, ambaye sasa naye ana wajukuu, aliniongezea saba, na mmoja kati ya hao hakumtambua kwa sura bali kwa shati, kwa kuwa lilikuwa shati lililohama kutoka kwa kaka kwenda kwa mdogo wake. Wamebaki watano. Mmoja wao ni yule wa moshi.

Ninyi mna simu, na mtaniambia kwamba picha zenu zina tarehe na hata mahali. Ni kweli kwamba simu huhifadhi tarehe ndani ya picha, na mahali pia kama mmeruhusu, lakini haijui kwamba mama aliyeshika ndoo kwenye kona ndiye aliyekupokea usiku ulipofika kijijini ukiwa hujui mlango wowote wa kubisha. Tena picha mnazotumiana kwa WhatsApp kama picha za kawaida hupunguzwa ukubwa na ubora njiani, kwa hiyo anayebaki na nakala ya kikundi tu amebaki na makapi. Aliyepiga na atume ile ya asili kama faili. Chagueni picha 12 kwa mwaka, idadi ileile ya filamu yetu, mzisafishe kwenye karatasi na kuziandika. Nyingine fanyeni mtakavyo.

Kuna jambo moja nitalisema kwa ukali kidogo. Majina ninayoyazungumzia ni ya nyuma ya picha, ndani ya kabati lenu, si ya kubandikwa mtandaoni chini ya nyuso za watoto. Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989, unamlinda mtoto dhidi ya kuingiliwa faragha yake, katika kifungu cha 16, na mtoto aliyekuja shuleni na nguo iliyochanika hakukupa ruhusa ya kuionyesha dunia nzima ili watu wakusifu kwa moyo wa kujitolea. Nimeona picha za namna hiyo zikisambazwa na walimu ninaowapenda, na nimenyamaza mara nyingi kuliko ilivyonipasa.

Mwisho, waulizeni wazazi wenu kuhusu picha mlizowatumia, wangali hai. Mimi nilimtumia mama ile picha ya mlangoni pamoja na barua ndefu iliyojaa habari njema, baadhi yake za kutunga, naye alinijibu kwamba amefurahi kuniona nina afya. Hatukuizungumzia tena. Alipofariki niliikuta nakala yake ndani ya kitabu cha sala, haina doa. Nyuma yake alikuwa ameandika kwa penseli, kwa herufi za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, jina langu kamili, jina la shule na mwaka, na chini kabisa, kwa herufi ndogo zaidi: “Viatu sivijui.”

Ni mimi,
Mwalimu wenu mstaafu